Mtoko wa wawili juu ghorofani: Kabla ya kupanda, angalia haya

Jiji letu limepanda juu. Pita Sinza, Mwananyamala, Tandika au Mbagala jioni ya Ijumaa, utaona taa za rangi zikiwaka kwenye ghorofa ya mwisho ya jengo ambalo chini yake kuna duka la dawa, wakala wa pesa na fundi simu. Zamani baa ya mtaani ilikuwa uwanja wa mchanga, mwembe mmoja na viti vya plastiki. Siku hizi nyumba zimebanana, ardhi imepanda bei, na mwenye jengo amegundua kuwa paa lake nalo linaweza kumwingizia kodi.

Simu zimeongeza hamu. Picha ya mtu ameshika glasi, nyuma yake jua linazama na taa za magari zinaonekana kwa mbali, inazunguka kwenye Instagram na makundi ya WhatsApp mpaka inamfikia mama aliyeko jikoni Chamazi anakaanga samaki. Wengine wanatumiwa picha za Marrakech, kule Morocco, ambako wageni hupanda juu ya paa za mikahawa jioni na kuutazama uwanja wa Jemaa el-Fna ukijaa watu. Mkazi wa Kinondoni hahitaji pasipoti kwenda Morocco. Ndicho kituo chake cha mwendokasi. Na upepo wa ghorofani nao siku hizi hauko mbali naye.

Ndiyo maana sikushangaa msomaji mmoja wa Mbagala aliponiuliza hivi: “Mimi na mama watoto hatujatoka wawili tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Sasa mtoto huyo yuko darasa la tano. Tumesikia habari za baa za juu. Tutachaguaje ya kwenda?”

Ni swali zuri, na lina uzito kuliko linavyoonekana. Kijana asiye na familia anachagua kiwanja kwa muziki na mandhari. Mzazi akipanda ghorofani, nyuma yake kuna watoto, kuna dada wa kazi, kuna ada ya muhula ujao na kuna safari ya kurudi usiku. Kwa hiyo mzazi hana budi kuichagua baa ya juu akiwa bado yuko chini, nyumbani kwake, kabla hajavaa viatu.

Kwanza, mnakwenda kufanya nini?

Hebu sikiliza mazungumzo ya wanandoa wengi jioni moja tu. LUKU imeisha. Gesi iko karibu kuisha. Shule wameandika barua. Marejesho ya mkopo ni Jumanne. Mchango wa harusi ya binamu haujatolewa. Yote ni ya lazima, lakini yakiwa ndiyo mazungumzo pekee, mume na mke wanageuka kuwa wahasibu wawili wa ofisi moja.

Mtoko wa wawili unarudisha kitu ambacho kilikuwepo kabla ya hayo yote. Ndiyo sababu yake. Ukiijua sababu hiyo, nusu ya uchaguzi imeshafanyika: mnatafuta mahali ambapo mnaweza kukaa, kutazamana na kusikilizana kwa saa mbili au tatu, kisha mkarudi nyumbani salama na bila deni.

Hapa niseme jambo ambalo akina mama wananiandikia mara nyingi. Kuna waume wanaozijua baa zote za juu za jiji hili kwa majina ya wahudumu wake, na wake zao hawajawahi kupanda hata ngazi moja. Akiombwa mtoko, jibu ni kwamba hela hakuna. Baba, hela ipo. Inakwenda kila Ijumaa, ila inakwenda na mtu mmoja. Ukikusanya Ijumaa tatu za peke yako, umepata jioni moja ya wawili. Huhitaji nyongeza ya mshahara kwa hilo.

Na akina mama nanyi, mume akisema “mama watoto, leo tutoke”, usianze kumuuliza ameficha nini. Mwulize ni saa ngapi.

Watoto wanabaki nyumbani

Kwenye mitaa yetu ya pembezoni tumejenga mazoea. Jumapili mchana familia nzima inakwenda baa. Baba na mama wanaagiza nyama choma au kitimoto, watoto wanapewa soda na chipsi, wanarukaruka kwenye puto kubwa pembeni. Saa 12 jioni inafika, saa 2 usiku inafika, na mtoto wa miaka sita bado anazunguka katikati ya meza zenye chupa, spika inamuimbia maneno ambayo nyumbani angechapwa akiyatamka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo inakataza kumuuzia mtoto pombe, na inamtaka mwenye baa au klabu ya usiku ahakikishe watoto hawaingii. Mzazi anayeingia na mtoto anamweka mwenye baa kwenye kosa, na anamfundisha mtoto kuwa furaha ya familia haikamiliki bila chupa mezani.

Kwa baa ya ghorofani sababu zinaongezeka. Kuna ukingo. Kuna ngazi zenye giza. Kuna kiti ambacho mtoto anaweza kukisogeza hadi ukutani, akapanda ili aone magari. Watu wazima wanne wakiwa wamezama kwenye mazungumzo, hakuna hata mmoja anayemwona.

Siku ya watoto iwe ya watoto. Wapelekeni Coco Beach wale mihogo na wacheze mchangani. Wapelekeni Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, waone nyumba za asili za makabila yetu. Kipo tangu mwaka 1967 na watoto wengi wa Kinondoni hawajawahi kuingia. Wavusheni kwa pantoni kwenda fukwe za Kigamboni. Siku ya wawili, ibaki ya wawili.

Nani anabaki nao?

Hili ndilo swali linaloamua kama mtatoka au hamtatoka, na ndilo linalosahaulika. Watu wanajua rangi ya nguo watakayovaa kabla ya kujua nani atawalaza watoto.

Angalieni umri wa dada mliyenaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata huyo wa miaka 15 au 16 bado ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto. Kumwachia msichana wa umri huo watoto watatu, mmoja akiwa bado ananyonya, hadi usiku wa manane, ni kumtwisha mzigo wa mtu mzima. Kama hakuna mtu mzima wa kukaa nao, ombeni bibi aje, au shangazi, au jirani mnayemwamini kweli. Asipopatikana, ahirisheni. Baa haitahama wiki hiyo.

Mkishampata, mfanyieni maandalizi. Chakula kiwe kimeiva kabla hamjaondoka ili asihangaike na jiko usiku. Mtungi wa gesi ufungwe. Aachiwe simu yenye salio na chaji, na namba zenu zote mbili. Mwandikieni kwenye karatasi namba tatu za bure: 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya huduma kwa mtoto. Mwambieni saa mtakayorudi, na mrudi saa hiyo. Na mkirudi mpeni chochote, maana na yeye alikuwa kazini wakati ninyi mnakula bata.

Chagueni kwenye barabara yenu

Sasa tuje kwenye baa yenyewe. Watu wengi wanaanza na jina lililovuma. Mimi nawashauri muanze na barabara.

Jiji letu limetandazwa kwenye barabara kubwa chache. Wa Tegeta na Bunju wanategemea barabara ya Bagamoyo. Wa Kimara na Mbezi wako Morogoro. Wa Mbagala na Kongowe wako Kilwa. Wa Gongo la Mboto wako Nyerere. Wa Kigamboni wana pantoni na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Baa iliyo kwenye barabara yenu, hata kama haijulikani sana, inawazidishia saa nzima ya kukaa pamoja kuliko ile inayowataka mkate jiji zima.

Mtu wa Mbagala anayekwenda Masaki Ijumaa jioni atatumia saa za mtoko wake akiwa kwenye foleni. Akifika amechoka, jua limeshazama, na tayari anaanza kuhesabu muda wa kurudi. Mtu wa Kimara ana nafuu, kwa kuwa tangu mwaka 2016 mwendokasi unamfikisha Morocco au Kivukoni kwa urahisi kidogo. Lakini hata yeye asipange kurudi na basi la mwisho. Usiku ukiingia, vituo vinajaa na mabasi yanapungua.

Nauli ya kurudi itengwe kwanza, kabla ya kinywaji cha kwanza. Mmoja wenu aishike na asiiguse. Mkiwa na gari na mnatarajia kunywa, liacheni nyumbani, au mmoja asinywe kabisa. Mkipanda bajaji au teksi ya mtandao, tumeni namba yake kwa mtu wa nyumbani. Na jamani, kupakizana mishikaki kwenye bodaboda saa 6 usiku, mume mbele, mke nyuma na mkoba katikati, hakumfai mtu mwenye watoto wanaomsubiri.

Lipimeni jengo kwa macho

Tusisahau mapema. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Yale hayakuwa majengo ya baa, lakini yametufundisha kuwa ukuta mzuri na rangi mpya havisemi kilichomo ndani ya nguzo.

Hatuwezi wote kuwa wahandisi. Ila macho tunayo, na kuna mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyaona.

Angalia ngazi. Je, iko moja tu? Ina upana wa watu wawili kupishana, au ni ile ya kupanda kwa ubavu? Je, imewekewa kreti za chupa na majiko? Kukitokea moto, hiyo ndiyo njia yenu, na ndiyo njia ya watu wengine wote walioko juu. Jengo lenye ngazi ya pili limeshapata alama.

Angalia ukingo. Ukuta au reli ya pembeni ikufike karibu na kifua, na isiyumbe ukiishika. Ukingo wa magotini uliopambwa kwa maua ni mzuri kwenye picha na hatari kwa mtu aliyekunywa mbili tatu.

Angalia jiko liko wapi, mitungi ya gesi imewekwa wapi, na nyaya za umeme zinapita wapi. Angalia kama kuna vifaa vya kuzimia moto, na kama vinafikika. Angalia kama ghorofa ya mwisho ni ya jengo lenyewe au ni mbao na mabati yaliyoongezwa baadaye. Nondo zikiwa bado zimechomoza juu na mafundi wanaendelea na kazi mchana, hapo pa kwenda mwakani.

Na muangalie siku. Watani wa jadi, Simba na Yanga, wakicheza, sehemu iliyozoea watu hamsini inaweza kujaa mara tatu, wote wanaruka kwa wakati mmoja goli likiingia. Siku hiyo angalieni mpira nyumbani.

Bili isiwe ugomvi

Ndoa nyingi zimetoka zikicheka na kurudi kimya kwa sababu ya karatasi moja ndogo. Kwa hiyo kubalianeni kiasi kabla ya kutoka, na kiasi hicho kitoke kwenye hela ambayo haina jina jingine. Hela ya ada haipandi ghorofani.

Tuchukue mfano. Mmetenga shilingi 80,000. Toeni 25,000 ya kwenda na kurudi. Toeni 5,000 ya dada. Mmebaki na 50,000 ya mezani. Sasa tafuteni sehemu ambayo 50,000 inawatosha watu wawili kula na kunywa bila kuhesabu kila funda. Kama haiwatoshi, shukeni daraja moja. Baa ya juu ya Temeke yenye mishkaki mizuri na meza safi itawapa jioni nzuri kuliko hoteli ya mjini ambako mmegawana soda moja mkijifanya hamna njaa.

Pigeni simu au piteni siku moja kabla. Ulizeni kama kuna kiingilio, maana sehemu nyingine ni bure Jumatano na zina kiingilio Jumamosi. Ulizeni kama meza za ukingoni zina masharti ya kuagiza kiasi fulani. Ulizeni kama jiko linafanya kazi siku hiyo.

Mkikaa, ombeni orodha ya bei kabla ya kuagiza. Bei ziwe za shilingi. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, kwa hiyo asiwasomee mtu bei kwa dola. Lipeni kila mlichoagiza kinapokuja au andikeni kwenye simu, na mwishoni dai risiti ya EFD. Mhudumu mwaminifu hachukii mteja anayehesabu.

Na tahadharini na raundi. Anatokea rafiki wa kazini, anawanunulia mbili, heshima inakutaka umrudishie, meza inakuwa ya watu saba. Saa mbili zenu zimeliwa. Msalimieni, mcheke naye, mrudi kwenye meza yenu.

Saa ya wazazi

Kuna saa ambazo baa ya juu ni ya wazazi, na saa ambazo ni ya vijana. Mkizijua, mtapata kizuri chake bila karaha yake.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Mkiwa mmeshakaa saa 11 jioni, mtaona mwanga ukibadilika, mtapata meza ya ukingoni kabla haijagombewa, na jiko litakuwa bado halijazidiwa. Muziki mara nyingi uko chini. Ikifika saa 3 usiku DJ anapanda, spika zinafunguliwa, na kuanzia hapo mtaongea kwa ishara. Mkiondoka saa 2 au saa 3, mmekula uhondo, na nyumbani mnawakuta watoto ndiyo kwanza wanalala.

Kama mnafuata jua likizama, muulize sehemu imeelekea wapi. Coco Beach inatazama mashariki. Pale ni pa kuona jua likichomoza, jioni linazama nyuma ya mgongo wako. Slipway, upande wa pili wa rasi ya Msasani, inatazama magharibi, ndiyo maana watu hujaa pale jioni ingawa si ghorofani. Ghorofani mtaani kwenu, simama tu barabarani saa 12 uone jua liko upande gani na kama kuna jengo refu limeliziba.

Mjini, wengi wanaijua Level 8, baa ya ghorofa ya nane ya hoteli ya Hyatt Regency, ile ambayo wazee wetu waliijua kama Kilimanjaro tangu ilipofunguliwa mwaka 1965. Inatazama bandari, na meli zikipita mbele yako huhitaji muziki. Akemi, kwenye ghorofa ya 21 ya Golden Jubilee Towers, ilijipatia jina kwa sakafu yake inayozunguka taratibu ili mteja aone jiji pande zote. Hizo ni sehemu za siku maalumu, si za kila mwisho wa mwezi, na bei zake ni za mjini. Pigeni simu kwanza.

Hali ya hewa nayo iko kwenye hesabu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, baa isiyo na paa itawalowesha na ngazi zitateleza. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti ndio mtamu zaidi. Mama abebe kitenge cha kujitanda.

Kuhusu kelele, kuna upande mwingine wa kufikiria. Baa ya juu inarusha sauti mbali, na chini yake kuna mzazi mwenzako ana mtoto mchanga. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limewahi kuzifungia baa kadhaa kwa sababu hiyo. Ukiipa hela yako sehemu inayojali majirani, unaisaidia hiyo iendelee kuwepo.

Asiyekunywa naye apewe glasi

Wasomaji wangu wengi hawanywi pombe, kwa imani, kwa afya au kwa kuamua tu. Wengine wake zao ni wajawazito, na kwa mjamzito ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokunywa kabisa. Sehemu nzuri utaijua hapo. Mhudumu akisikia “naomba juisi ya ukwaju” asikunje uso, na juisi iletwe kwenye glasi safi kama ya mwenzako. Mkiona soda inaletwa kwa kubamizwa mezani, mmeshapata jibu kama mtarudi tena au la.

Na kama dhamiri ya mmoja wenu haimruhusu kukaa penye pombe, usimlazimishe kwa sababu ya picha. Ipo mikahawa ya ghorofani isiyouza pombe, hasa Kariakoo na Upanga, yenye biriani, chai ya maziwa na upepo uleule.

Paa ni letu tangu zamani

Tusidhani kukaa juu ya paa ni mtindo tulioletewa na simu. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar watu wamekuwa wakipanda juu ya nyumba kupunga upepo vizazi na vizazi. Anayetaka kuadhimisha miaka kumi ya ndoa na amejiandaa kulala nje ya nyumba, boti ya mwendo kasi inavuka kutoka Dar kwa takriban saa mbili. Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una hoteli za Emerson Spice na Emerson on Hurumzi zenye chakula cha jioni juu ya paa, na lazima kuweka nafasi mapema. Africa House nayo ina baraza la juu linalotazama magharibi, baharini.

Lakini anayeona hayo ni mbali asikate tamaa. Mwaka huu mtaanza na baa ya ghorofa ya pili hapo kwenye barabara yenu, saa 11 jioni, glasi mbili na sahani moja ya mishkaki. Simu ziwekeni kifudifudi mezani. Ya dada ikiita tu ndiyo ipokelewe.

Na kuna sharti moja ninalowaomba wazazi wote mliweke: nusu saa ya kwanza, lisitajwe neno ada, wala LUKU, wala jina la mtoto yeyote. Mtaona ugumu. Kimya kitaingia, mtatazama magari. Vumilieni. Baada ya muda mmoja wenu atakumbuka jambo la zamani na kucheka, na hapo ndipo mtoko unapoanza.

Yule msomaji wangu wa Mbagala nilimjibu hivyo hivyo, na nikamwongezea kuwa asichague peke yake ili amshtukize mkewe. Amwulize, “Mama watoto, ungependa tukae wapi?” Huenda akashangaa kusikia kuwa mwenzake amekuwa akilitazama jengo moja la taa za bluu, akirudi sokoni, kwa miaka mitano.

Tukutane wiki ijayo.